Shibolethi Kivukoni: Mifumo ya Mtandao ya Vyuo Vikuu na Vijana wa Kasulu na Kibondo

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari za watu wa Gileadi walioviteka vivuko vya Yordani, wakamtaka kila aliyetaka kuvuka alitamke neno moja tu. Mwefraimu aliyeshindwa kuitamka herufi ya kwanza ya neno hilo alitambulikana papo hapo, naye hakuvuka. Wanaotajwa kuangamia ni watu 42,000. Wanafunzi wa Agano la Kale hulisoma fungu hili aghalabu kwa ajili ya tofauti za lahaja katika Israeli ya kale. Sisi tumelikumbuka kwa sababu nyingine. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani walipounda programu ya kumtambua mwanafunzi au mwalimu anayetaka kuingia katika tovuti za chuo, programu ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, waliipa jina la Shibboleth. Jina linafaa. Kazi ya programu hiyo ni kusimama kivukoni na kuuliza kila ajaye: wewe u nani, nawe una haki ya kupita?

Buha nayo ina vivuko vyake. Mto Malagarasi huizunguka nchi ya Waha, na Burton na Speke walipoufikia mwaka 1858 walilazimika kulipa ushuru kwa mtawala wa Uvinza kabla ya kuvushwa. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia kivuko kingine, yaani njia ambayo kijana wa Kasulu au Kibondo ameipita ili kufika chuo kikuu, tangu zama za barua na garimoshi hadi zama za mifumo ya mtandao. Watu wengi husema kwamba mtandao umeondoa umbali. Kwa habari ya nyanda za juu za Kigoma usemi huo una ukweli wake, lakini una upungufu ambao wachungaji hawana budi kuufahamu, kwa maana sehemu ya upungufu huo imo katika vitabu vyetu wenyewe vya ubatizo.

Zama za barua

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka mingi barua ya Kasulu iliyoelekea Dar es Salaam ilishuka kwanza milimani hadi Kigoma kwa barabara ya vumbi au ya tope, kwa kadiri ya majira, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa garimoshi. Chuo kikuu kilipoanzishwa nchini mwaka 1961, katika jengo la mtaa wa Lumumba, na kilipohamia Mlimani mwaka 1964, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya maombi, ya majibu, na ya mwanafunzi mwenyewe.

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo wanahistoria hawayaweki pamoja mara kwa mara. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine zilizotumika katika wizara ya fedha tangu mwaka 1965 kuleta gharama na hasara kuliko faida. Mwaka huohuo Azimio la Musoma liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na apate pendekezo la mwajiri wake na la tawi la chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Lakini ni vema kuliona jambo lenyewe: mlinzi wa kivuko wakati huo alikuwa mtu mwenye jina na uso, ambaye alimjua baba wa mwombaji na aliweza kumwonea au kumhurumia. Katika Buha, ambako Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa imewahamisha watu wengi kutoka katika makazi yao ya asili kwenda vijijini, mtu huyo alikuwa na nguvu kubwa. Hatuna haja ya kuutamani tena wakati ule.

Badiliko la kwanza halikuletwa na kompyuta. Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichozinduliwa rasmi Januari 1994 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa kazini Kibondo sasa aliweza kuwa mwanachuo bila kuliacha darasa lake. Vitabu vya masomo vilisafirishwa, mazoezi yakarudishwa, na mitihani ikafanyika katika vituo vya mikoa, Kigoma kikiwa kimojawapo. Wasomaji wetu waliopitia elimu ya theolojia kwa enezi wanaufahamu utaratibu huo bila kuelezwa: kitabu, taa ya mafuta, na mwalimu anayeonekana mara chache.

Mifumo ilivyozaliwa Mlimani

Marufuku ya kompyuta ililegezwa polepole, na katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa kimeanza mpango wa mageuzi mwaka 1994, kilijenga mtandao wake wa ndani. Kituo chake cha kompyuta kilifanywa kuwa kampuni mwaka 1999. Ndipo ulipokuja mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi uitwao ARIS, na katika vyuo kadhaa vingine nchini mifumo ya namna hiyo iliyojulikana kwa jina la SARIS.

Yafaa tueleze mfumo wa namna hii ni kitu gani, maana wengi wetu huuona upande wa nje tu. Ndani yake mna kanzidata, yaani daftari kubwa lililopangwa kwa majedwali: jedwali la wanafunzi, la masomo, la alama, la ada. Kila mwanafunzi ana namba moja isiyorudiwa, na namba hiyo ndiyo uzi unaoyashona majedwali yote pamoja. Mbele ya kanzidata kuna programu inayoamua nani aone nini. Mwanafunzi huona alama zake bila kuweza kuzigusa, mwalimu huandika alama za somo lake pekee, na msajili huona zote. Kila badiliko linapaswa kuacha alama ya aliyelifanya na saa aliyolifanya. Programu na kanzidata hukaa katika seva, nayo seva inahitaji umeme usiokatika, chumba chenye ubaridi, na nakala rudufu inayowekwa mbali na jengo hilo.

Kuuandika mfumo ni kazi ya miezi, lakini kuutunza ni kazi isiyokwisha. Kanuni za mitihani hubadilika, programu huzeeka, wezi wa mtandao hujaribu mlango kila usiku, na kijana aliyeandika mfumo hupata ajira nzuri zaidi mjini akaondoka na maarifa yake kichwani. Mabaraza ya vyuo hupitisha bajeti ya kununua kwa furaha, kisha husahau bajeti ya kutunza. Vyuo vya Kanisa havijasalimika na ugonjwa huu. Ni sawa na usharika unaojenga kanisa la bati jipya bila kumweka mtu wa kuziba mabati yanapovuja.

Kwa upande wa masomo, vyuo vingi, Chuo Kikuu Huria kikiwemo, vilichukua programu ya Moodle, itolewayo bure. Mwasisi wake, Martin Dougiamas, alikulia katika nyika ya Australia Magharibi na alisomeshwa utotoni kwa njia ya redio, kwa kuwa hapakuwa na shule karibu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Wazee wa Kasulu na Kibondo, waliowahi kuwapokea wamisionari wa CMS kutoka Australia hiyohiyo, wangeweza kumwelewa mtu huyo vizuri.

Wajibu ulitangulia uwezo

Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo Serikali ilianza kuujenga mkongo wa taifa. Mwaka uliofuata Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Nia yake ilikuwa njema. Awali kila chuo kilipokea maombi yake chenyewe, hata kijana mmoja akashika nafasi mbili au tatu huku mwenzake akikosa kabisa, na aliye mbali akigharimika kwa fomu na nauli. Kwa mfumo mpya mwombaji aliingia mahali pamoja, akapanga chaguo zake, na mfumo ukachukua matokeo yake moja kwa moja kutoka kwa Baraza la Mitihani.

Lakini tuutazame upande wa Kibondo. Wilaya hiyo na Kasulu hazikuwa katika gridi ya taifa. Miji yake iliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijiji vingi havikuwashwa kabisa. Gridi ilifika mwaka 2022, nayo majenereta yakazimwa. Basi kwa muda wa miaka 12, tangu mwaka 2010, kijana wa nyanda hizi alitakiwa kuomba chuo kwa njia ya mtandao pekee, na hali umeme wa gridi ulikuwa bado haujafika kwao. Huu ndio mpangilio wa matukio tunaoona unafaa kukumbukwa: wajibu ulitangulia uwezo.

Aliyeziba pengo hilo hakuwa chuo wala Serikali. Alikuwa mtu wa steshenari. Katika chumba chenye mashine ya kutoa nakala, kompyuta moja au mbili na modemu ya simu, mtu huyu aliwafungulia vijana anwani za barua pepe, akawachagulia neno la siri, akajaza fomu, akalipa ada kwa simu na kuchapa risiti. Wengi wa vijana hao waliondoka bila kulijua neno lao la siri, kwa kuwa liliandikwa katika daftari la steshenari. Tusimlaumu upesi. Bila yeye wengi wasingevuka. Hata hivyo ni yeye aliyeshika ufunguo, na aliyekosea chaguo moja kwa haraka ya foleni aliweza kumpeleka kijana katika kozi ambayo hakuitaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kwa mujibu wa sheria hiyo, daftari lile la maneno ya siri ni jambo zito.

Mwaka 2017 Serikali iliuondoa udahili wa pamoja, kwa hoja kwamba mwanafunzi hapaswi kupangiwa chuo asichokipenda. Tangu hapo waombaji hupeleka maombi kwa kila chuo moja kwa moja, na Tume huhakiki majina na kumtaka aliyechaguliwa mahali zaidi ya pamoja athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri. Hoja ya uhuru ina uzito. Lakini kwa maoni yetu mfumo wa pamoja, pamoja na kasoro zake, ulimfaa zaidi mtu wa mbali. Aliye Dar es Salaam aliufurahia uhuru huo. Aliye Kibondo alilipa ada ya maombi kwa kila chuo, akafungua akaunti katika kila mfumo, na akarudi steshenari mara nyingi zaidi. Vyuo navyo vililazimika kuandika au kununua mifumo ya udahili kwa haraka, kila kimoja kivyake, na vidogo vikabeba mzigo uleule uliobebwa na vikubwa.

Herufi katika jina

Tumefika mahali panapotuhusu zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, nayo iliyahamishia maombi yake mtandaoni. Kwa miaka mingi utaratibu wake ulikuwa na jambo la ajabu kidogo: fomu ilijazwa kwenye kompyuta, ikachapishwa, ikatiwa saini na mdhamini, na serikali ya kijiji na hakimu au wakili, kisha bahasha ikatumwa Dar es Salaam kwa posta. Barua ya zamani ilikuwa haijafa, ila ilikuwa imepewa ndugu wa kufuatana naye.

Bodi hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Mashine hulinganisha majina: lile la cheti cha kuzaliwa, lile la cheti cha mtihani, lile la mzazi. Mwanadamu akiona Yohana na Johana husema ni mtu mmoja. Mashine haisemi hivyo. Katika Buha, ambako jina la Kiha huandikwa na kila karani kwa kadiri ya sikio lake, *l* ikageuka *r*, *sh* ikapoteza *h* yake, kijana anaweza kuwa na majina matatu yanayotamkwa namna moja na kuandikwa namna tatu. Hapo Shibolethi huacha kuwa mfano. Herufi ileile iliyowaangamiza Waefraimu inaweza kumrudisha kijana mahakamani kutafuta hati ya kiapo, na siku ya mwisho ya maombi haimngoji.

Je, herufi hiyo iliandikwa na nani kwanza? Watoto wengi wa vijijini hawakusajiliwa walipozaliwa. Wazazi wakitafuta cheti miaka 18 baadaye huulizwa ushahidi, na miongoni mwa ushahidi unaopokelewa ni cheti cha ubatizo. Basi mara nyingi mwandishi wa kwanza wa jina la mtoto huyo ni mchungaji au mwinjilisti, aliyeandika kwa kalamu katika kitabu cha usharika, pengine baada ya ibada ndefu, watoto wakilia na mvua ikikaribia. Tarehe ya kuzaliwa ikaandikwa kwa kukisia, jina la babu likafupishwa, jina la mama likaachwa. Wakati huo haikuonekana kuwa neno. Leo kitabu hicho ni mzizi wa mnyororo unaoishia katika kanzidata ya Bodi, na kosa lililo katika mzizi hupanda hadi juu.

Mzigo huo ni mzito zaidi mpakani. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa vipindi vingi, Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, na wenyeji wamelalamika mara kwa mara, hata Bungeni, kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa sababu ya majina na matamshi yao. Kijana wa Kibondo ambaye vyeti vyake havipatani haonekani tu kuwa mzembe. Anaweza kuulizwa yeye ni wa nchi gani.

Kisanduku cha namba ya mtihani

Wako wasioweza kuufikia hata ukingo wa mto. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi Oktoba 1993, Warundi wengi waliingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, na Nyarugusu ikapita watu 150,000. Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya, na mwanzoni mwa 2016 Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Shirika la TCRS, lililoundwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1964, limehudumu miongoni mwa watu hawa, na Walutheri tuna haki ya kulishukuru.

Shule za kambini zilifuata mitaala ya Kongo na ya Burundi, kwa nia ya kumwandaa mtoto kurudi kwao. Matokeo yake ni kwamba mhitimu wa Nyarugusu ana cheti kisichokuwa na namba ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Fomu ya udahili huanza na namba hiyo: herufi, namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, mwaka. Baraza lina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nje na kutoa namba badala yake, lakini una ada na nyaraka zake, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamzuia mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Mkopo wa Bodi si wake, kwa kuwa ni wa raia.

Kwamba jambo hili lingeweza kufanywa vingine, Kenya inatuonyesha. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kutoa masomo ya stashahada kwa njia ya mtandao katika kambi ya Kakuma, na chuo kikuu chao cha Regis, kilichoko Denver, kikatoa vyeti. Mwaka 2013, Dadaab, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi viliungana na vile vya York na British Columbia vya Kanada kuwafundisha walimu wakimbizi kambini mwao. Programu zilizotumika hazikuwa za siri wala za gharama isiyofikirika. Kilichokuwapo ni chuo kilichokubali kumwandikisha mtu asiyekuwa na namba ya kawaida, na kikamwandikia msimamizi wa mfumo wake agizo la kumfungulia nafasi katika jedwali la wanafunzi.

Katika Nyarugusu, mpango wa shule zenye vishikwambi na intaneti, ulioletwa na UNHCR na taasisi ya Vodafone, umewafikia hasa wanafunzi wa sekondari. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997, katika mwaka wa kwanza wa kambi, akasoma mtaala wa Kongo hadi mwisho na kuipata diploma yake ya serikali, sasa ana umri wa kuwa na watoto wake mwenyewe katika shule hizohizo. Majina yao yameandikwa katika vitabu vya ubatizo vya makanisa ya kambini, kwa kalamu, na wainjilisti wanaosubiri daftari jipya.